Kabla ya Kubadilisha Mtutu

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu zetu kutoka Ndosho. Goti la bibi yako bado linamsumbua, na mimi nimechoka. Milio ya bunduki za vita hivi imetuzeesha upesi. Lakini umeniuliza kama ubadilishe mtutu wa bunduki yako ya mashindano huko Ubelgiji, maana risasi zinatawanyika. Subiri kwanza.

Nilipokuwa kijana kule Kibati, nguruwe-mwitu walikuwa wakimaliza maharagwe ya mama. Papa, baba yangu, akanipa bunduki yake ya kuwindia. Nilipiga mara mbili, nikakosa zote. Kesho yake nikamwambia mtutu umelika.

"Mutoto, usisingizie chuma. Risasi ulitoa wapi?"

Nilikuwa nimechanganya za visanduku viwili mfukoni.

Akasimamisha kipande cha mgomba kiwe shabaha. Nikapiga tatu za aina moja, tukaacha mtutu upoe, nikapiga tatu za aina nyingine. Za kwanza zilitawanyika. Za pili zilikaa pamoja, kiganja kingezifunika. Risasi ikibadilika uzito, mtutu uleule huipeleka kwingine. Kwa hiyo jaribu aina kadhaa, kisha ushike moja.

Nikaruka kwa furaha. "Papa, leo nguruwe wamekwisha!"

Yeye hakucheka. Alikuwa akitazama ng'ambo ya shamba, ambako watoto wa jirani walikuwa wakicheza uani.

"Sasa unajua risasi yako inakwenda wapi," akasema. "Zile mbili za jana zilikwenda wapi?"

Hata leo, mjukuu wangu, sijui.

Babu yako anayekupenda