Kamba ya kuni mu gare

Mama yangu wa Bulengera,

Nakuandikia mu treni ya Ubelgiji, jasho inanitoka bado. Magurudumu ya valizi ilivunjika mu gare ya treni, juu ya uzito wa maharagi yako na bunga ya muhogo. Treni ya pili ilibakisha dakika tano, na ngazi ilikuwa murefu. Donc nikatosha inje ile kamba yako ya kubebea kuni, ile nilisikia haya wakati uliiweka mu valizi. Nikatia muzigo mu mugongo, kamba ku kipaji cha uso, nikapanda nimeinama sawa vile tunatokaka shamba. Batu balisimama kuniangalia. Contrôleur wa tiketi alinishikia mulango, akauliza kama kamba inaniuma. Nikamujibu: «Ni vile tunabebaka Butembo.»

Sasa nimekaa. Unisalimie batoto. Kipaji inaniuma kidogo, mama, lakini haya ya kamba imekwisha.

Masika wako