Mpinzani Wangu wa Drafti Ni Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi Tabitha, shikamoo. Naomba unisaidie kabla siku hazijaniishia, maana jambo hili siwezi kumwambia mke wangu, siwezi kumwambia mchungaji, na yule mtu mmoja ambaye ningemweleza bila kuogopa ndiye mwenyewe ninayemwogopa sasa.

Mimi ni fundi simu hapa Tarime mjini, nina kibanda karibu na stendi, mke wangu anaitwa Eunice, ni Mkurya wa Nyangoto, na tuna watoto wawili. Mimi nimezaliwa Mugumu, mama yangu alikuwa muuguzi, tukakulia kwenye nyumba za watumishi na watu wa kila kabila, kwa hiyo mambo mengi ya mila yalinipita, na hapo ndipo kosa la kwanza lilipotokea. Siku ya kwanza kupelekwa ukweni nilimwona mama mkwe amesimama mlangoni, nikafurahi, nikamfuata moja kwa moja nikamnyooshea mkono mbele ya watu wote. Shangazi, wewe unajua kwamba kwa Wakurya mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hata kutazamana usoni ni shida, wenyewe wanaita insoni, ile haya ya heshima. Mimi sikujua. Mkono ukabaki hewani, yeye akageuka akaingia ndani, na tangu siku ile miaka minne ilipita hajakanyaga kwangu, hata watoto walipozaliwa alituma unga wa ulezi na salamu tu.

Sasa mwaka juzi niliingia kwenye gemu moja la drafti la mtandaoni, tupo kama watu arobaini wa kanda hii, tunacheza, tunataniana, tunapeana habari za mvua na za misiba, na humo nikapata mpinzani anayejiita Jembe Kali, mimi najiita Fundi wa Stendi. Huyo Jembe Kali ananifunga, Shangazi, ananifunga mpaka naweka simu chini nakunywa maji. Nikajua ni kijana wa machimboni mwenye muda wa kupoteza, nikawa namwita dogo, namwambia arudi akachunge ng'ombe, na siku moja aliponilia kete nne kwa mpigo nilimwandikia neno ambalo siwezi kuliandika kwenye barua hii. Yeye hakasiriki, anajibu kwa neno moja, "Cheza."

Tukazoeana mpaka nikamweleza habari za nyumbani kwangu, kwamba mama mkwe wangu ana roho ngumu, hanipendi, na yote ni kwa sababu ya mkono mmoja. Siku hiyo alikaa muda mrefu bila kujibu, halafu akaandika, "Labda hakukasirika. Labda hakujua mkono wake auweke wapi." Kesho yake akanishauri nimwambie mke wangu amwalike mama yake siku ambazo mimi sipo, na mama apewe habari mapema kwamba sipo. Nikafanya hivyo Krismasi iliyopita, nikahamia kwa rafiki yangu Kornelio siku tatu, na kweli mama mkwe alikuja, akawaogesha wajukuu, akawapikia, akaondoka nyumba inanukia samli. Niliporudi nikamwandikia Jembe Kali, "Dogo, una akili kuliko umri wako." Akajibu, "Cheza."

Halafu mwezi huu Jembe Kali akapotea, na badala yake nikapata ujumbe kutoka kwenye gemu, unasema kuna mchezaji amefungiwa akaunti na anaomba nithibitishe kama namfahamu, bonyeza Ndiyo au Hapana. Mimi kila siku naletewa simu za watu walioibiwa kwa ujumbe wa namna hiyo, nikajua ni matapeli, nikauacha siku kumi na moja bila hata kuufungua vizuri.

Jana Eunice alirudi kutoka kwao na simu ya mama yake. Akaniambia, "Baba Waisiko, mama anasema gemu lake limegoma, uliangalie." Nikamuuliza mama anacheza gemu gani, akasema, "Si hilo la drafti. Tangu baba afariki ndilo linalomchangamsha, kutwa anacheka peke yake." Nikashangaa pia kwa nini ailete huku kwangu, wakati jirani yake kabisa kuna fundi, Joel, niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe. Nikaiwasha. Kumbe simu ilijifuta kila kitu yenyewe, mama akasahau neno la siri la gemu, akakosea mara tano, wakamfungia. Kwenye kioo kimeandikwa akaunti ya Jembe Kali imefungwa, itafutwa baada ya siku thelathini, na chini yake, "Rafiki uliyemchagua akuthibitishe: Fundi wa Stendi. Bado hajajibu."

Shangazi, niliketi kwenye mfuko wa chaja.

Nimewaandikia huduma kwa wateja mara sita kutafuta njia nyingine, inajibu mashine, inanishukuru kwa kuwasiliana nao halafu inanirudisha ukurasa uleule. Zimebaki siku kumi na tisa. Nikibonyeza Ndiyo atapata taarifa kwamba Fundi wa Stendi amesema anamfahamu, tena mara tu baada ya simu kufika kwangu, naye atajua kwamba yule mtukanaji ni mkwewe, basi hatakuja tena kwangu na wanangu watamkosa bibi yao. Nisipobonyeza inafutwa, na mama wa watu atakaa peke yake jioni zote bila wale watu wake arobaini. Nimefikiria nimfungulie akaunti mpya nimdanganye kwamba ile ya zamani imeshindikana. Na aibu nyingine, Shangazi, ni kwamba nitamkosa Jembe Kali. Nifanye nini?

Ni mimi, mkwe mwenye aibu, Tarime.

SHANGAZI TABITHA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka kwanza, nikafuta machozi, nikaisoma tena barua yako, na mara ya pili nikakukasirikia. Wewe ni fundi, unafungua simu za watu na kuona waya mwembamba kuliko unywele, lakini jambo kubwa lililokaa mbele yako limekupita.

Aibu yako naielewa. Mimi pia nimezaa mabinti na nina wakwe, na ningesikia mmoja wao ananiita dogo ningetafuta kiti. Na hilo neno la siku ya kete nne, hata kama ungeliandika kwa kijana wa machimboni, lisingekuwa sawa. Mtu usiyemwona usoni bado ana masikio.

Sasa nisikilize. Unaogopa mama atajua. Mwanangu, anajua. Anajua tangu siku ile ulipomsimulia habari za mkono, akakaa muda mrefu bila kujibu. Unafikiri Nyangoto nzima kuna wanaume wangapi waliooa huko, wakawa mafundi simu karibu na stendi ya Tarime, wakamnyooshea mama mkwe mkono mlangoni? Alikujua pale pale, na neno alilokuandikia baada ya hapo halikuwa la kubahatisha, lilikuwa jibu lake mwenyewe alilokosa namna ya kukupa kwa miaka yote hiyo. Ukamsifu kwamba ana akili kwa kuwa ushauri wake ulifanya kazi. Ungeacha kufanya kazi vipi, wakati anayeshauri ndiye aliyefunga kanga akapanda gari kuja kwako?

Halafu tazama. Wachezaji ni arobaini, lakini amekuchagua wewe. Ukakaa kimya siku kumi na moja. Fundi Joel yuko jirani yake, akampita, akamkabidhi Eunice simu ailete kwako, huku jina lake la Jembe Kali limeandikwa wazi kwenye kioo. Mtu anayejificha hafanyi hivyo. Mama huyu hawezi kukaa na wewe meza moja, na ni haki yake, mila yake imemlea hivyo na amezeeka nayo. Amepata mahali ambapo anaweza kukaa na mkwewe kutwa nzima bila kuvunja kitu, na sasa mlango wa mahali hapo umefungwa, na kitasa kiko upande wako.

Hiyo akaunti mpya ya uongo itoe kichwani leo. Barua yako imekaa hapa siku sita, kwa hiyo umebakiwa na kumi na tatu, na mashine hazina huruma. Fungua simu yako, si ya kwake, ubonyeze Ndiyo. Akaunti ikirudi, mwekee neno la siri rahisi, uliandike kwenye karatasi, ulitie kwenye bahasha pamoja na simu, ukiwa umeisafisha na kuibadilishia kioo kama kimechoka, umpe Eunice apeleke. Kabla hajaondoka mweleze mkeo yote, pamoja na lile neno, maana akilisikia kwingine utalala kwa Kornelio zaidi ya siku tatu.

Ukikutana na mama kwenye shughuli, inamisha macho upite kama kawaida. Usimtaje Jembe Kali mbele ya mtu. Kwenye gemu usianze kumwandikia shikamoo mama, utamfukuza. Omba radhi kwa mstari mmoja, usirefushe, naye najua atakachokujibu. Na usimwachie ushindi kwa huruma, atagundua na atadharau.

Miaka ile ulinyoosha mkono ukabaki hewani mbele ya watu, na ukaumia. Safari hii ni yeye aliyenyoosha, na leo ni siku ya kumi na saba unamwacha hivyo hivyo. Bonyeza Ndiyo, mwanangu, halafu anzisha mchezo na umwachie yeye hatua ya kwanza.