Risasi ya Wewe

Juru, Nakivale

Yaya Feza, dada yangu,

Salamu zikufikie ukiwa mzima, wewe na wote wa nyumbani. Magoti ya mama yanaendeleaje? Na mihogo, mmevuna au nguruwe pori wamewatangulia tena? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hauna raha, na mtu wa kumweleza sina ila wewe.

Nilikwambia nimepata kazi kwa watu wa Mbarara wanaopeleka wageni kuwinda nyati kwenye mashamba ya ng'ombe. Mkimbizi, tena Mkongo, hashiki bunduki. Kazi yangu ni kufuata nyayo, kwa hiyo natembea mbele. Nyuma yangu anakuja Tumwine, kiongozi wetu, Mnyankole wa hapa, mwenye Kiswahili kidogo, asiyejua kucheka, kisha mgeni. Tangu nikimbie kwetu sipendi mtu mwenye bunduki awe nyuma ya mgongo wangu, hata angekuwa katekista.

Siku moja kabla ya safari, Tumwine alimwaga risasi mezani kwenye stoo yetu ya Ruti, pale Mbarara. Ni ndefu kama kidole changu cha kati. Akawa anazichagua kama mama anavyochagua maharage: anatazama ganda lisiwe na ufa, anapitisha ukucha pale lilipobana kichwa, anajaribu kila moja bundukini isije ikakwama. Yenye doa la kijani anaitupa pembeni. Katika bunduki ya mgeni alitanguliza ya ncha laini, inayofunguka ndani ya nyama, na zilizofuata zote zikawa ngumu, za kuvunja mfupa. Kisha akachagua ngumu tatu, nzuri kuliko zote, akazitia mfukoni mwa shati lake.

"Hizo ziko za nani?" nikamuuliza.

Akanitazama. "Hii ni ya wewe."

Ya wewe! Yaya, kwetu mtu akikwambia risasi ni yako, hangoji umjibu. Nikaanza kuunganisha mambo. Wiki hiyo aliniuliza kama nina ndugu huku kambini Nakivale. Anataka kujua nani atanitafuta? Na mpwa wake hana kazi, si angependa nafasi yangu? Hata chakula cha sufuria yake sikukigusa.

Kesho yake mgeni alimpiga nyati tumboni, nyati akaingia kichakani. Tukafuata damu. Kanuni ni kwamba nisitoke kwenye mstari, ili nyati akija nilale chini, Tumwine apige juu yangu. Mimi nikawa natembea kwa upande, nikigeuka kila mara nione mkono wake uko wapi. Nyati akatokea upande huohuo, nikawa katikati yake na Tumwine.

"Lala! Lala wewe!"

Nikafikiri anataka nife nimelala. Nikabaki nimesimama kama mjinga. Tumwine hakuweza kupiga. Akakimbia, akanisukuma nikaanguka, akapiga nyati akiwa ameshamfikia. Nyati alianguka, lakini pembe ilikuwa imempasua paja.

Tulipokuwa tunamfunga jeraha akaniambia, "Hiyo risasi ni ya wewe. Mbogo ikikuja kwa wewe, mimi napiga na hiyo. Sasa wewe ulikuwa naenda wapi?"

Nina aibu, yaya, aibu kubwa.

Sasa amelazwa Mbarara, na madaktari hawajasema kama mguu utapona. Jana nilimpelekea uji wa mtama kwenye chupa ya chai. Mkewe alikuwa kando ya kitanda. Kuna watu wamemwambia kwamba Mkongo yule alitoka kwenye mstari makusudi. Nikamimina uji, nikampa mkewe kikombe kwa mikono miwili. Akaunusa, akanirudishia.

"Kunywa wewe kwanza."

Tumwine alikuwa macho. Nikanywa wote. Mama yule akavuta kiti chake mbele yangu, akakaa akinitazama usoni, akisubiri nianguke.

Nisalimie mama, na shemeji fundi cherehani, na watoto wenu. Mjomba mchungaji mwambie aombee mguu wa mtu anayeitwa Tumwine. Akiuliza ni nani kwangu, mwambie sijui nimjibu nini.

Ni mimi mdogo wako,
Wilondja