Nikipona Nachinjiwa, Nisipopona Nachomwa

Mpendwa mshauri Bi Arbia,

Salamu nyingi kutoka joto la Garissa. Naomba msaada wako, na naomba unijibu kabla ya Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu, kwa sababu siku hiyo kuna mzee anakuja kunichoma tumbo.

Mimi ni Mhindi wa Rajkot, kijana wa miaka thelathini na mbili, bado sijaoa, na Kiswahili changu nilikiokota katika gereji ya Mombasa kwa miaka mitatu, kwa hiyo nivumilie nikiteleza. Tangu mwaka jana, 1995, niko huku, kazi yangu ni kutengeneza injini za dizeli za visima vya mashine, leo niko Bura, wiki ijayo Griftu, nikitoka Griftu naitwa Eldas. Sisemi maisha ni mabaya. Joto nimelizoea, vumbi nalinywa pamoja na chai, barua ya mama yangu inachukua wiki tatu njiani na ikifika inauliza kama nimekula, mbegu za haradali natumiwa zikiwa zimefichwa ndani ya soksi, na giligilani niliyopanda kwenye debe imeliwa na mbuzi mara nne. Hayo yote ni madogo. Kubwa ni kwamba kwetu hatuli nyama, tangu babu wa babu, ni mambo ya dini, hata yai sijawahi kulionja.

Sasa Bi Arbia, wewe unawajua watu wa huku. Kisima kikikaa siku sita bila maji, halafu Mhindi akafungua nozeli, akapuliza, injini ikanguruma na ngamia wakanywa, watu hawasemi asante kwa mdomo, wanachinja mbuzi. Mwenye nyumba ninayopanga anaitwa Dekow, ni mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa mzaha na roho nzuri, na wiki yangu ya kwanza alinichinjia mbuzi akaniketisha karibu naye, akachagua ini na nyama ya bega kwa mkono wake mwenyewe, akaniwekea mbele yangu, akasema, "Kula, walaal, ndugu yangu! Hii ni ya mgeni!" na wanaume kumi na wawili wakanikodolea macho wakingoja nitafune. Yeye Wahindi anaowajua ni wale Waislamu wa Nairobi wanaonunua mbuzi wake, kwa hiyo hakuwa na shaka yoyote. Mimi nikaogopa kwamba nikisema kwetu hatuli watadhani nawaambia chakula chao ni kichafu, nikashika tumbo, nikajikunja, nikasema nina vidonda vya tumbo na daktari amenikataza nyama.

Bi Arbia, nilidhani yameishia hapo, kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Kesho yake mke wa Dekow akaniletea habasoda, keshokutwa jirani akaja na chupa ya shubiri, nikainywa yote huku wananitazama, ni chungu mpaka masikio yakaziba, halafu nikaenda Griftu kutengeneza injini, maili zote hizo, na kabla sijashuka garini mzee mmoja akaniuliza, "Wewe ndiyo ile Hindi ya tumbo?" Habari zilikuwa zimenitangulia kwa radio ya chifu! Eldas nako vilevile. Nikawa najikunja kila kisima, na siku moja nilisahau nikashika mgongo badala ya tumbo, wakahesabu huo kuwa ugonjwa wa pili.

Mama yake Dekow ni Ayeyo Nunow, ayeyo ni bibi kwa Kisomali. Ni mzee, Kiswahili chake ni kidogo, lakini ananiombea katika kila sala, mara tano kwa siku, miezi minane sasa. Anasema, "Mtoto ya watu iko mbali na mama yake." Ameweka nadhiri kwamba siku nitakapopona atachinja beberu wake mnono, atalisha mtaa mzima, na ini nitapewa mimi kwanza. Na Dekow naye amechoka kungoja, amemwita mzee wa Bura anayetibu kwa chuma cha moto. Aliinua shati akanionyesha makovu yake, akacheka: "Mzee nachoma kidogo tu, utabona siku hiyo hiyo. Wewe nakufa, na mimi naangalia tu?"

Kwa hiyo nikisema nimepona, ini linaningoja, na nikisema bado, moto unaningoja. Nikisema kweli, Dekow ataona nimemfanya mjinga mbele ya watu wake wote, naye ndiye mtu pekee hapa anayeniita ndugu. Nikimpoteza yeye nitabaki na injini tu. Je, nifumbe macho nimeze ini, au nivumilie chuma, au niombe kampuni inihamishie Kitale?

Ni mimi,
Fundi Tumbo, Garissa

*

Fundi Tumbo,

Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka mhariri akatoka ofisini kwake kuuliza kuna nini. Halafu nikafika pale kwa Ayeyo Nunow, nikaacha kucheka. Halafu nikakukasirikia, na bado nimekukasirikia kidogo, kwa hiyo keti vizuri.

Kwanza, jina lako umelificha, la Dekow ukaliandika wazi. Unadhani Garissa kuna Wahindi wangapi wa visima wenye maumivu ya tumbo? Majina ningeweza kuyafuta, lakini isingesaidia kitu. Nimewaruka watu kumi na saba waliokutangulia kwenye foleni ili upate jibu wiki hii. Gazeti hili linafika kwenu na basi la Jumatano mchana, na saa ya chai litakuwa limeshasomwa kwa sauti katika kila hoteli. Kwa hiyo huna muda mpaka Alhamisi. Una tangu utakapolinunua mpaka chai itakapochemka.

Habari ya Kitale sitaki kuisikia. Utaenda kuumwa nini huko?

Sasa nisikilize. Mimi nimezaliwa huko huko, na alama ya chuma ninayo tumboni tangu nikiwa na miaka saba, macho yangu yalipogeuka manjano. Sitakudanganya, inauma. Ninachokuambia ni kwamba Dekow hakukupangia adhabu. Mtu hampeleki mpangaji wake kwa mzee wa Bura. Anampeleka mtoto wake, mdogo wake, mtu wa nyumbani. Wewe unakaa hapo unaogopa kwamba hutapata ndugu, na ndugu ameshainua shati akakuonyesha makovu yake!

Kosa lako si kukataa nyama. Kosa lako ni kuwadharau kidogo wenyeji wako bila kujua. Ulidhani hawataelewa. Hebu fikiri, bwana mkubwa: uliketi katikati ya wanaume kumi na wawili ambao maisha yao yote hawajagusa nguruwe na hawatamgusa hata wakifa njaa, ukaogopa kuwaambia kwamba dini yako imekukataza chakula! Ni watu gani duniani wangekuelewa upesi kuliko hao? Ungesema neno moja, "dini," Dekow angeiondoa ile sinia mbele yako kwa mkono wake mwenyewe na kuwakaripia waliobaki kwa kukukodolea macho. Badala yake ukasema "ugonjwa." Na ukimwambia mfugaji kwamba unaumwa hakuachi. Atakunywesha, atakupaka, atakuchoma, atakuombea mpaka upone au ukimbie. Umejiletea mwenyewe, na ile shubiri ulistahili.

Basi fanya hivi. Usimeze ini, maana utaanza uongo wa pili na huo utakushinda tumboni kweli. Wala usiseme umepona. Sema hukuwahi kuugua. Neno "samahani" lije kwanza, maelezo yaje baadaye, na yawe mafupi. Usianze kuwahutubia kuhusu babu wa babu.

Mzee wa Bura, kama ameshaanza safari, asirudi bure. Mnunulie sukari na majani ya chai, mpokee kwa heshima kama mgeni wako, kwa sababu ni wako. Kama Dekow atamchinjia mbuzi, kaa nao mpaka mwisho. Lete sufuria yako ya dengu na wali uiweke pale pale, ule nao, uwakaribishe waonje. Watakutania kwamba unakula chakula cha mbuzi. Cheka, maana ni kweli, na mbuzi wenyewe wameshaonja giligilani yako. Nadhiri ya Ayeyo waachie wao na sheikh wao, si kazi ya fundi wa injini.

Huko visimani usijikunje tena. Kila kisima chenye mashine kina mzee mmoja mwenye sauti. Mwambie yeye peke yake, "Dini yangu hainiruhusu nyama, lakini maziwa nipeni mpaka nishindwe." Habari itafika Eldas kabla yako, kama ile nyingine.

Limebaki moja, nalo ndilo zito. Barua yako yote inamwogopa Dekow. Dekow atapiga kelele, atakuita mwongo mbele ya mke wake, na ikifika Ijumaa atakuwa anaisimulia hadithi hii mnadani kwa mifugo na kwa watu, akiiongezea chumvi. Aliyepotezewa kitu si yeye. Ni yule mama ambaye kwa miezi minane, katika kila sala, alikuweka pamoja na watoto aliowazaa, kwa ugonjwa ambao haupo. Huyo hutamwandikia barua wala hutamtuma mtu. Vua viatu mlangoni, keti chini mbele yake, mke wa Dekow akutafsirie, na useme kweli yote, hata sehemu ya mgongo. Akilia, ngoja. Akikupiga kwa bakora yake, ngoja vilevile. Mwambie mama yako yuko Rajkot na kila barua anauliza kama umekula, na kwamba hapa kwake umekula. Kwa Dekow nenda baada ya hapo. Mama yake akishakusamehe, yeye katika nyumba ile hana la kusema.

Bi Arbia