Vijiko Vinne vya Sukari

Mama mpendwa,

Mwili ni mzima, lakini uso wa kukutazama sina.

Unajua gazeti limenituma kwa gari kutoka Kisumu, niwahoji wataalamu wakubwa wa saikolojia kuhusu maisha yao. Jana nilikuwa Uthiru kwa mzungu mzee anayesifiwa kwa kusoma mioyo ya watu. Nimekaa na tai yangu, daftari gotini, mara mpishi akaingia na chai. Alikuwa Mjomba Zakayo, ndugu yako! Akatabasamu, akangoja nisimame nimpe mikono miwili.

Mama, sikusimama. Niliona haya mzungu ajue. Nikasema tu, "Weka hapo."

Akaweka. Akanitilia sukari vijiko vinne, kama alivyonitilia nilipokuwa mtoto nikikaa kwake, akakoroga, akatoka.

Mzee akakatiza habari za utoto wake. "Amejuaje unavyopenda chai?"

"Sijui, bwana," nikajibu.

Sasa nimejifungia chumba cha wageni River Road, mvua inanyesha. Tafadhali usimwandikie Mjomba kabla sijamwona. Jumapili nitarudi Uthiru, nipitie mlango wa jikoni. Niombee anikaribishe chai.

Mwanao akupendaye,
Eliya