Vipimo Nilivyovibuni Dunguni

Mama Agnetha, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, na jina langu usilitaje redioni. Mimi ni mkulima wa mpunga hapa Michenga, na watafiti waliweka mnara shambani kwetu wa kupima hewa ukaa na mvuke unaotoka kwenye mpunga, wakanipa mimi kazi ya kupima kila asubuhi maji ya ardhini kwenye mabomba waliyochimbia majarubani, manne bondeni na manne juu kwenye udongo wa kichanga, nami nikaifanya vizuri mpaka msimu uliopita tulipohamia dunguni, kwenye jukwaa la kuamia ndege wasile mpunga, maana kwelea hawamsubiri mtu, basi mwezi mzima nikawa napima bomba la bondeni lililo karibu na dungu tu na mengine nikayajazia namba za kubuni, naongeza hapa napunguza pale ili zisifanane, nikijua ni mambo ya wasomi tu. Sasa kompyuta yao imezichukua namba zangu ikapiga hesabu udongo unashika maji siku ngapi na mpunga unayanywa kwa kasi gani, na bwana Evaristo, mtafiti wetu, ametuletea jibu kwamba tukifunga mfereji siku kumi kuokoa maji hakuna madhara, na Alhamisi kamati ya maji inapitisha, na mpunga ndio unachanua. Kule juu maji hayakai hata siku nne, najua, nimezaliwa hapa. Jana mama Domitila, mjane mwenye jaruba kule juu, aliniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye unayepima, hayo maji yatatosha kweli?" Nikamjibu yatatosha. Mama, nifanye nini? Nikisema napoteza kazi, na mume wangu hajui lolote.

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na pole nakupa hiyo moja tu. Kuamia ndege si dhambi, wakikuwahi unavuna mabua. Lakini ungeacha nafasi wazi kwenye daftari. Nafasi wazi Evaristo angeiona akakuuliza. Namba ya uongo ameiamini. Kompyuta haijawahi kukanyaga kichanga cha Michenga, inajua ulichoiambia wewe. Na Domitila kakuuliza uso kwa uso ukamdanganya. Hilo limeniudhi kuliko daftari lote.

Mficha uchi hazai. Chukua daftari, weka alama kila siku uliyobuni, mpelekee Evaristo leo hii, umwambie arudie hesabu bila siku hizo. Ukitoka hapo nenda kwa Domitila, kisha mweleze mumeo. Kazi inaweza kwenda, sikufichi. Lakini mpunga ukikosa maji wakati wa kuchanua unakuwa mapepe, maganda bila punje, na watu wa juu hawana shamba jingine.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Ila barua nimeisoma yote hewani, kwa makusudi, na leo ni Jumatano, na wanawake wanaopima maji kwenye mpunga wa Michenga si wengi. Mwenyekiti wa kamati naye ana redio. Ondoka sasa hivi, wayasikie kwako kabla hawajaja kukuuliza.