Mume Wangu Anakata, Mimi Ninarekebisha kwa Siri

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, maana nilifanya jambo kwa mapenzi na sasa limenibana sina pa kutokea. Mimi nina miaka ishirini na sita, mume wangu ana ishirini na nane, ni fundi nguo, na chumba chetu cha mbele tumekigeuza mahali pa kazi, meza yake ya kukatia iko dirishani, cherehani yangu iko ukutani, na mama mkwe anakaa katikati akishona vifungo na kutuchekesha siku nzima. Mume wangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu utotoni, na hakunificha, siku ya tatu tu ya kujuana kwetu aliniambia, "Mimi nikibanwa na maumivu nalia kama mtoto, usije ukasema hukuambiwa," nami nikamjibu kwamba mimi nalia hata kwa jino, basi tutapokezana.

Hayo maumivu nimeyazoea kadiri mtu anavyoweza kuzoea maumivu ya mwenzake. Najua mgongo ukianza, najua miguu ikianza, nikiona macho yamegeuka manjano naongeza maji kwenye chupa yake na kumtolea sweta bila kuulizwa, na tukipanda ngazi za duka la vitambaa anasimama katikati akijifanya anasoma matangazo ukutani, nami najifanya nayasoma pia. Kinachonitisha, Shangazi, ni kichwa.

Huyu ni mtu aliyekuwa akimwangalia mteja mlangoni na kumtajia kiuno chake bila kushika futi, lakini tangu mwaka jana ananiuliza kipimo kilekile mara tatu, anaanza sentensi inampotea katikati, akihesabu vipande vitano anarudia mwanzo, na siku moja akakata gauni la bibi harusi likawa na mikono miwili ya kushoto. Bibi harusi alikuwa mpole, kitambaa kilibaki, tukakata mkono wa kulia, lakini mume wangu alikaa juu ya marobota ya vitambaa akaniambia, "Mke wangu, nadhani akili inanitoka." Nikamwambia ni uchovu tu.

Kuanzia siku hiyo, akishakula mchana hulala kidogo kwa sababu damu yake ni ndogo na mwili unamchoka, basi akilala tu, na mama mkwe akiwa jikoni anaosha vyombo, mimi nachukua chaki na futi, napima upya kila alichochora, nafuta, nasahihisha, narudisha kila kitu kama alivyokiacha. Miezi saba sasa. Akiamka anakata, nguo inakaa mwilini kama imezaliwa nayo, mteja anasifu, naye ameanza tena kupiga mluzi. "Bosi," ananiambia, ndivyo anavyoniita, "umeona? Mkono umerudi!" Kliniki ameruka mara mbili, anasema mtu mzima wa afya anakwenda kufanya nini kule.

Sasa kiwanda cha sare za shule kimesikia sifa zake, kimemwita awe mkataji mkuu, na huko wanatumia mashine ya umeme inayopita kwenye tabaka arobaini za kitambaa kwa mara moja. Amekubali. Anaanza tarehe mosi. Amemwambia kila mtu mpaka kinyozi. Mama mkwe, ambaye siku moja alitoka jikoni akanikuta mezani na chaki mkononi, aliniuliza polepole, "Mwanangu, unamsaidia au unamficha?" nami nikaificha chaki kwenye mfuko wa gauni. Juzi nilijikaza nimwambie, nikamkuta anapiga pasi shati la kuanzia kazi huku anaimba, nikaishia kumuuliza kama anataka chai. Nikisema nitamvunja, nisiposema naviogopea vidole vyake, nifanye nini?

Mke wa Fundi

*

Mke wa Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikitabasamu, mara ya pili nimekunja vidole vyangu mwenyewe.

Unampenda mumeo, hilo halina ubishi. Lakini umemdanganya miezi saba, na uongo wako umempatia kazi. Tena si yeye peke yake uliyemficha. Umemficha na daktari wake, maana dalili uliyokuwa ukiifuta kwa chaki ndiyo ambayo kliniki ilipaswa kuiona.

Nimemuuliza daktari wa damu ninayemwamini. Akili ya mumeo haimtoki, wala si mvivu. Chembe zake za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo, na damu ikiwa pungufu ubongo nao unapata hewa kidogo. Vijana wengi wenye selimundu hupungukiwa kumbukumbu, umakini na wepesi wa kufikiri. Wengine hupata viharusi vidogo vya kimyakimya, hakuna mdomo kupinda wala mkono kulegea, mpaka picha ya ubongo ipigwe ndipo vionekane. Kama mumeo ni mmoja wao, mimi sijui na wewe hujui. Apimwe. Zipo dawa za kila siku, wapo wanaohitaji kuongezewa damu, na zipo njia za kufundishwa kuzunguka usahaulifu.

Kwa hiyo mwambie leo, akishaamka, mkiwa wawili. Mwambie ulichofanya, tangu lini, na kwa nini. Usije ukalia hadi ikawa yeye ndiye wa kukubembeleza. Siku hiyo ni yake. Atakasirika, mwache akasirike. Wiki hiihii mwende kliniki, nawe uandike kwenye karatasi kila ulichokiona, kuanzia ile mikono miwili ya kushoto. Ile mashine asiiguse mpaka daktari aseme. Na siku yoyote akipata udhaifu wa upande mmoja, maneno yakimkwama ghafla, kichwa kikimpasuka, degedege, homa au maumivu ya kifua, hapo hakuna kusubiri kupambazuke, ni hospitali. Wewe nawe, kabla hamjaanza kutafuta mtoto, kapime damu yako ujue kama nawe umebeba urithi wa selimundu.

Kwa kuwa tarehe mosi ilikuwa inakaribia, sikungoja gazeti litoke. Nilimpigia simu Mke wa Fundi nikamsomea jibu hili, naye amenipa ruhusa niandike kilichofuata.

Alimwambia jioni ileile. Mume akauliza, "Nguo zote?"

"Siyo zote. Kola hukukosea hata moja."

Hakucheka. Siku mbili alizungumza na mama yake tu, akitaka chumvi anamwomba mama, na mama anamwambia, "Aliye nayo ni mkeo, mwombe mwenyewe." Siku ya tatu alivaa lile shati lililopigwa pasi, akaenda kiwandani kwa miguu yake akawaambia ukweli. Wamesema watafikiria kumpa kazi ya kuchora vielelezo vya karatasi vya kukatia nguo, na mpaka leo bado wanafikiria. Kliniki amekwenda. Picha imeonyesha makovu mawili madogo, ya zamani, ya vile viharusi vya kimyakimya. Daktari amemwanzishia dawa na kumpa daftari la kuandika vipimo badala ya kuvibeba kichwani. Daftari analichukia, lakini analiandika.

Wiki iliyopita, baada ya kula, hakwenda kulala mara moja. Alichora gauni mezani, akaweka chaki chini, akamwita mkewe aliyekuwa anajifanya ana kazi nyingi kwenye cherehani.

"Bosi, njoo. Kuanzia leo ukipima, pima mbele yangu."